Mkono Uliotangulia Mfukoni

Rashidi mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mchafukoge tu wazima, na baba yako, kidume nilichokizaa mwenyewe, anazidi kupendeza.

Unauliza ubebe bastola ipi huko kazini, ndogo au kubwa. Miaka ya hamsini babu yako, dereva wa tajiri mmoja Kariakoo, naye aliambiwa na tajiri huyo achague. Alichukua ndogo. Nikamshonea mfuko kwenye koti. Mtaa mzima nani alishona kama mimi? Basi kila aliposikia "Hodi!" mkono ulitangulia mfukoni kabla ya "Karibu."

Siku moja akabisha mama yake. Alipouona mkono mfukoni, akakinga kiganja akicheka: "Umeniwekea tambuu ya kutafuna, baba?"

Bastola ilirudishwa siku ile ile.

Sasa babu yako hayupo, nami nashinda nikisikiliza mlango. Njoo upige hodi.

Bibi yako