Saa ya Meiske na nyonga yangu

Jumatatu, 14 Oktoba

Meiske kaja na saa mpya. Mjukuu wangu huyu! Kompyuta yake ya kuzamia, ile anayoivaa mkononi, iliingia maji wiki jana, ikafa. Sasa kuna mama Mjerumani ambaye Meiske alimwonyesha kasa kumi na tisa kwa siku moja, kaondoka leo, kamwachia saa yake. Inapokea simu, inaimba, inahesabu hatua, inasikiliza moyo. Na eti inazamia pia.

Ananiita Opa, babu, halafu ananieleza kama mtoto: Opa, hii inahesabu hewa inayoingia kwenye damu ukiwa chini. Ukizidisha inakwambia panda, simama hapa, dakika tatu, hewa itoke polepole.

Nikamwambia saa inayokimbilia kukusomea umbea wa shoga zako haiwezi kujua damu yako. Fundi wa kazi mia hana hata moja.

"Wivu tu huo, Opa."

Wivu! Mimi niliyeshuka mita sabini na mpira wa hewa wa kompresa ya boti mdomoni, nikiokota majongoo ya baharini! (Mwaka jana nilikuwa nasema sitini. Bahari inaongezeka kina, nifanyeje?) Kompyuta yangu ni nyonga ya kushoto. Hii niliyowaambia watu iling'atwa na papa. Wengine niliwaambia ni chaza mkubwa alinibana. Inategemea nani anasikiliza.

Ila namwombea mazuri. Jumatatu ijayo ana mtihani wa ualimu wa kuzamia. Kausubiri miaka miwili. Akipita, hatabeba tena mitungi ya watu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeipima! Kamba yangu ya nanga ina fundo kila pima. Nikaifunga saa juu ya jiwe, Meiske akipiga kelele, nikaishusha pima kumi pale ukingoni mwa ukuta wa matumbawe.

Maji leo yametulia mpaka boti inaonekana inaning'inia hewani. Nikaiona saa inashuka, inawaka. Kijitaa cha kijani. Samaki wakaja kuitazama, wakaiacha. Ikawa kama nyota, halafu kama wazo la nyota, halafu bluu ikaimeza. Sijui kwa nini nilitaka kulia. Uzee.

Nikaivuta. Mita kumi na nane na kidogo. Pima kumi kamili!

Nikasema kamba imevutika. Fentje, fundi wa injini, rafiki yangu na adui yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Yoris, kamba yako haijawahi kuvutika. Kinachovutika ni mdomo wako."

Mbona yeye kila injini anayotengeneza inabakiza skrubu tatu? Sikumwambia. Nimemwambia.

Jumatano, 16 Oktoba

Meiske kazama nayo mara mbili, sambamba na wageni wenye kompyuta kubwa kama sahani. Anasema zinapishana dakika moja tu, na saa ndiyo yenye woga kuliko zote. Haya. Mwoga ni mtu mzuri wa kusafiri naye.

Mchana kalala. Saa iko mezani. Nikaivaa.

Moyo wangu, saa imesema, ni wa kijana! Nikaenda kumwonyesha Fentje. Nikaimbisha nyimbo. Nikawasha tochi yake juani. Nikamwonyesha mke wa mchungaji moyo wangu, akasema Mungu ni mwema. Nikala ndizi za kukaanga na pilipili nikiwa nayo. Nikalala nayo chini ya mpapai.

Nikaota nashuka kando ya ukuta bila mtungi, bila mpira, taratibu kama jani. Chini hakuna mwisho. Marehemu mke wangu Altje kanipita akipanda, na gauni lake la jikoni, nywele zimesimama kama mwani. Nikamuuliza bado mita ngapi. Akasema mbona unauliza, si wewe unayejua yote? Kasa akapita katikati yetu, na tulipokwisha kupishana naye, Altje hayupo.

Nilipoamka saa ikaniambia nimelala saa moja na dakika kumi, usingizi mzuri. Inajua nimelala. Haijui nilikuwa na nani.

Nikairudisha mezani kimya kimya. Meiske hajaniona.

Alhamisi, 17 Oktoba

Asubuhi saa haina chaji. Nyekundu! Meiske kaigonga, kaitikisa. Mimi natazama uji wangu kama ndio kwanza nauona.

Kaazima kompyuta ya mwenzake, saa kaiacha kwenye chaja. Kazama mara mbili ukutani, mita thelathini, halafu ishirini na sita. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha boti. Saa sita kaja kula, kompyuta karudisha, mwenyewe anaitaka. Saa sasa imejaa. Akaivaa.

Nikasema wewe, hiyo asubuhi haikuwepo. Inadhani leo umeshinda kitandani.

Akasema, "Najua, Opa. Nitakaa juu juu. Mita kumi na mbili. Nawaonyesha wageni samaki-vinyago wawili, wale wanaojifanya jiwe, tunarudi."

Alhamisi hiyo hiyo, jioni

Hawakukaa juu juu. Mgeni mmoja kamfuata kasa. Kasa kashuka, naye kashuka, kama mlevi anayefuata ngoma. Meiske kamkimbilia, kamkamata pezi la mguuni kwenye mita thelathini na moja. Kampandisha. Kasimama naye dakika tatu, kama saa ilivyosema.

Mimi juu naona mapovu tu. Mapovu mengi, yakienda mbali na boti. Nikayahesabu mpaka nikachanganyikiwa.

Kapanda anacheka. Kaninyooshea mkono. "Ona, Opa, kijani tupu. Ilikuwa na dakika nyingi zimebaki."

Nikamwambia dakika zilizobaki ni za mtu aliyeshinda kitandani. Akanibusu kipara.

Wakati wa kula kala kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia anasema ni mitungi. Nikaleta ule mtungi wa oksijeni wa boti, nikamwambia vuta. Akasema wageni wakiona watasema kwenye duka letu la kuzamia watu wanaumia. Kavuta kidogo, kwa kunifurahisha, akaurudisha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bega bado. Na sasa kiwiko. Asubuhi saa imemwambia: umepumzika vizuri, leo unaweza kufanya mazoezi. Kanionyesha! Kama mtoto mwenye cheti.

Saa haisemi uongo. Inasema ilichoona, na asubuhi ile haikuona. Mimi niliona yote, na mimi ndiye muongo wa kijiji.

Nikasema haya, leo naungama. Nikamwambia chaji niliimaliza mimi.

"Nilijua, Opa. Kioo kilikuwa na mafuta ya ndizi."

Nikamwambia twende mjini, kwenye chumba cha kubana hewa, wakubane kama uko chini, halafu wakupandishe polepole, hewa itoke damuni. Akasema akiingia mle ni wiki nzima hazami, labda mwezi, na mtihani ni Jumatatu. Mitungi tu, Opa. Nimevuta msuli.

Basi nikamweleza nyonga. Ya kweli. Sijawahi kumweleza mtu ila Altje. Kwamba hapakuwa na papa, wala chaza. Kwamba mwaka ule nilishuka mara tano kwa siku moja, nikapanda haraka kwa sababu nilisikia njaa. Kwamba siku ya kwanza nilisema msuli. Siku ya pili nilisema msuli. Siku ya tatu nilitaka kusimama, mguu haukuwepo. Ulirudi nusu baada ya miezi saba, na nusu nyingine haijaja mpaka leo. Nimesema polepole, bila mkono, bila kukonyeza jicho.

Kacheka! Machozi yakamtoka. "Hiyo mpya, Opa! Lakini ile ya papa ilikuwa tamu zaidi."

Nikakaa chini kwenye ngazi. Miaka hamsini nauza uongo kwa bei nzuri, na leo nimeleta kweli moja sokoni, haina mnunuzi.

Fentje alikuwa pale, ameshika spana. Hakucheka. Akaniangalia tu.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nikainuka, nikashika nyonga, nikapiga ukelele, nikaanguka. Nikaanguka vizuri sana. Nikasema mguu! Siusikii mguu! Nikageuza macho. Fentje, Mungu ambariki na skrubu zake, akaruka: "Meiske, huyu anakufa! Mpeleke mjini, mimi naendesha!"

Kageuka mweupe. Kanibeba begani. Bega la kushoto.

Njia nzima nimelala miguuni pake, natazama juu. Mawingu yanatembea kinyume na boti. Kaniwekea mkono kwenye paji la uso na ananiambia usilale, Opa, niambie hadithi ya papa. Nikamwambia. Papa akawa mkubwa kuliko siku zote. Nusu ya njia niliamini mimi mwenyewe.

Ijumaa, bado

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la hospitali. Ukuta wa kijani kibichi, feni moja inazunguka kama imezama. Mlango mzito wa duara wa chumba cha kubana hewa uko mwisho wa korido, nimeuona, kama mlango wa meli. Meiske anadhani naandika wasia. Anasema acha kuandika, Opa, pumzika.

Kapewa fomu aijaze. Jina langu kaandika. Umri, kaniuliza, nikasema themanini. Akasema Opa una sabini na moja. Sawa.

Halafu kalamu ikamdondoka.

Kaitazama pale sakafuni. Kavitazama vidole vyake. Kavifungua, kavifunga. Kaiokota kalamu kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuandika, herufi zinalala kama zangu. Ila sasa kaacha kucheka, na kaisogeza saa juu ya mkono, anaitazama, anaitazama. Bado ya kijani.

"Opa," kasema, pole pole. "Ile ya asubuhi. Siku ya tatu ulisema mguu haukuwepo."

Nikasema ndiyo.

"Na siku ya pili?"

Nikasema siku ya pili ilikuwa vidole.

Muuguzi katoka. Kashika fomu, anasoma jina langu, anatutazama sisi wawili. Anauliza mgonjwa ni nani.

Nimemnyooshea Meiske kidole. Na yeye kidole chake, cha kushoto, kiko hewani, kimenielekea mimi, na bado hajakishusha —