Matundu ya Hewa Niliyoyafuta

Jumanne, Februari

Na joto halijapungua hata sasa. Upepo wa ziwa upo, naona ukitikisa miti nje, lakini humu wodini hauingii.

Najua kwa nini. Nilikuwa mkadiriaji wa gharama za ujenzi, na jengo hili lilipita mikononi mwangu. Msanifu alichora matundu ya hewa juu ya kuta, joto lipate pa kutokea. Niliambiwa nipunguze gharama, nikayafuta. Badala yake nikaweka feni. Umeme ukipotea, kama leo, feni ni pambo tu.

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu bei ya kujenga. Bei ya kuishi ndani ya jengo hakuna aliyetuuliza, nami sikujiuliza. Nilipongezwa.

Mchana muuguzi Akinyi alikuwa akinipepea kwa kipande cha katoni. "Aliyejenga wodi hii hajawahi kuugua," akasema. "Siku nikimpata, Baba, nitamlaza hapa hapa, mchana kutwa!"

"Umeshampata," nikamwambia. "Ni mimi niliyeyafuta matundu ya hewa."

Akacheka, akanigusa paji la uso. "Ai, Mzee, sasa ni homa inaongea." Akaenda kuniletea dawa.

Nilitaka anitukane. Sidhani nitapata nguvu ya kusema tena, na hata nikisema, nani ataniamini?

Dawa nimeimeza. Mzee wa kitanda cha pili anahema kwa shida, na upepo bado uko nje.