Mateke ya Maman kwenye Kave

Schaerbeek, Brussels

Maman mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linaendeleaje? Na kikohozi cha papa, kimepungua? Sisi ni wazima, ila baridi ya huku haina huruma, na hamu ya kukuona ndiyo imezidi.

Uliniuliza kama mbegu ya mateke uliyonipa, haya ambayo Watanzania huyaita magimbi, ingali hai. Najua kwa nini unauliza. Tangu vita viwatoe shambani hamjarudi, na mbegu ile ya bibi haipo kwingine ila kwangu.

Basi sikiliza. Majira ya joto majani yalikuwa makubwa mpaka mzee Willem, jirani aliyenipa kipande cha bustani yake, akawa anayapiga picha. Huku wanayaita masikio ya tembo, wanayapanda kwa urembo tu. Nilipomwambia sisi tunakula viazi vyake, alinitazama kama nimemla paka wake. Lakini ndiye aliyenionya: kabla ya barafu, ng'oa yote. Mimi niliyezoea kuyaacha ardhini mwaka mzima! Nikang'oa, nikayakausha, nikayafunga kwenye magazeti, nikayalaza kwenye kave, kule chini ya nyumba, mpaka joto lirudi.

Wiki tatu zilizopita natoka kazini, nakuta nyumba nzima inanukia kama jikoni kwako. Tantine Furaha, mdogo wako, alikuja kunitembelea, akashuka kave kutafuta viazi. Mateke yote yamo kwenye sufuria!

"Hii chakula ulikuwa unafichia nani?" akaniuliza. "Bon, ikala ku kiti, ukule. Batoto ba huku munakulaka mikate tu."

Maman, nililia. Nikamwambia ni mbegu yako, ya mwisho. Kisha nikala huku nalia, kwa sababu yalikuwa matamu, na sikuwa nimeonja kitu cha shamba lako tangu niondoke.

Tantine akashangaa. "Alors, unalilia nini? Vichwa niliviweka. Nani anatupaka vichwa ya mateke mu takataka?"

Alikuwa amevikata vile vichwa, penye macho ya kuchipua, kabla ya kumenya, kama bibi alivyowazoesha, akavipanga kwenye beseni la mchanga dirishani. Wala hakufikiria.

Leo asubuhi kimoja kimetoa jani, bado limejikunja.

Nisalimie papa, kaka yangu anayewahifadhi hapo Bukavu, na mke wake. Siku mtakayorudi shambani, nitakuletea mbegu kwa mkono wangu. Wewe tunza jembe.

Binti yako,
Nsimire