Nani Alianzisha Darasa la Jioni?

Kwako Tata, baba wa mume wangu na aliyekuwa mkuu wangu wa kazi,

Nimekasirika. Naanza na hilo usije ukadhani nakuandikia kukusifu. Waliokusifu walitosha siku tulipokuzika kule Gesima. Walisimama mmoja baada ya mwingine mpaka chakula kikapoa, na kila mmoja akasema ulikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikaa upande wa wanawake nikajiuliza, maneno machache kwa nani? Mwenzetu Rashid ulizungumza naye kutwa nzima. Ni mimi uliyeninyima.

Mkuu wa chuo ameniagiza niandike wasifu wa idara yetu, Idara ya Uchumi na Usimamizi wa Fedha, uwekwe kwenye tovuti mpya na usomwe na bodi Alhamisi. Anataka dira, anataka dhamira, anataka picha ya walimu wakitabasamu. Alinipa wasifu wa chuo kingine niutumie kama mfano, na nilipoumaliza sikuweza kusema kama wale watu wanafundisha uchumi au ushonaji. Hilo ningelivumilia. Lakini bodi inataka kutumeza. Wapo wanaosema tuwekwe chini ya Idara ya Biashara na darasa la jioni lifungwe, eti linakula stima na mshahara wa mlinzi. Wewe unajua darasa la jioni ndilo linalotuweka hai. Likifungwa, wanafunzi wetu wa mchana hawajazi hata madawati ya mbele.

"Madam, hiyo sehemu ya jioni uandike vizuri," mkuu wa chuo aliniambia. "Bodi watauliza nani alianzisha hii kitu na ni kwa nini. Wape jina moja. Usituletee stori mrefu."

Jina moja. Basi nikakaa kukukumbuka, Tata, na kadiri nilivyokukumbuka ndivyo nilivyozidi kuchemka.

Unaukumbuka mwaka ule wa kwanza, kabla sijawa mkwe wako? Wewe ndiye uliyeniajiri. Ulinishika mkono mlangoni, ukanimiminia chai kutoka kwenye chupa yako, ukaniambia, "Kwamboka, hapa tunabishana." Na kweli tulibishana. Tulibishana juu ya bei ya ndizi Mosocho, juu ya mkulima wa chai anayekopa mwaka mzima akisubiri bonasi, juu ya namna ya kumfundisha mfumuko wa bei mtoto ambaye ameshauona jikoni kwa mama yake. Siku moja nilikuambia watu wengi wanahitaji nyama na hawainunui, kwa hiyo vitabu vyetu vinasema uongo. Ukagonga meza. "Anayetamani nyama na hana kitu mfukoni, huyo soko halimjui." Nikakujibu kwamba basi soko lina macho mabovu. Ulicheka hadi ukavua miwani kuifuta. Hakuna mwalimu mwingine chuoni aliyethubutu kukujibu hivyo, na ulipenda. Najua ulipenda, maana kesho yake ulianza wewe.

Halafu mwanao Ombati akaja kukuletea mwavuli uliousahau nyumbani. Siku hiyo hata mvua haikunyesha. Wiki iliyofuata akarudi na mwavuli uleule, na wiki ya tatu hakujisumbua tena kuubeba. Ulijifanya huoni. Mambo yakaenda, ng'ombe wakaenda kwetu, tukafunga ndoa kanisani, nikapata mume mwema na nikampoteza mkuu wa idara.

Maana Jumatatu ya kwanza baada ya harusi nilikuta meza yako imeshatolewa ofisini. Ulikuwa umejihamishia kwenye stoo ng'ambo ya korido, kule tulikotupa karatasi za mitihani ya zamani. Sikuhitaji kuelezwa. Ilikuwa chinsoni, ile heshima yetu Abagusii baina ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawajiachii wakiwa chumba kimoja. Nimelelewa nayo. Mama yangu alikuwa akiacha njia akimwona babu anakuja, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Lakini mama yangu na babu hawakuwa na ratiba ya mitihani ya kupanga pamoja.

Ndipo ukamgeukia Rashid, mwalimu wetu wa uhasibu. Mtoto wa wauza vitambaa wa mjini, Muislamu, mila hii haimhusu, kwa hiyo ukamfanya mjumbe. Mikutano ya idara ilikuwa kichekesho. Wewe ulikaa umeelekea dirishani, mimi karibu na mlango, Rashid katikati.

"Mwalimu Rashid, hebu muulize mwalimu wa maikro kama amemaliza kusahihisha."

Na huyo mwalimu wa uchumi wa maikro ni mimi, nipo pale pale, ningenyoosha mkono ningekugusa bega.

"Amemaliza, Mzee."

"Mwambie asante."

"Anasema asante."

Mkaguzi mmoja alidhani mimi ni kiziwi, akaniandikia swali lake kwenye karatasi. Hata picha ya idara tuliyopiga mwaka ule ina pengo katikati, wewe mwisho huu, mimi mwisho ule, kila mtu ametazama kamera isipokuwa sisi. Mkuu wa chuo aliiona juzi akaniuliza kama kuna mtu aliyekatwa. Nilimwambia hakuna. Sikuwa na nguvu za kueleza.

Ningeyacheka haya yote, Tata, kama si lile la darasa la jioni.

Mwanangu Moraa alikuwa mchanga, ananyonya bado. Rashid akaja mezani kwangu akasema, "Mzee amesema darasa la jioni linaanza Jumatatu. Ni la kwako." Basi, hakuna zaidi. Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda kufundisha. Kuanzia hapo, kila jioni isipokuwa Ijumaa, kwa ajili ya Sabato yetu inayoanza jioni hiyo, nilikuwa nikiwaeleza watu wazima waliochoka mambo ya gharama na faida huku maziwa yakinilowesha blauzi. Nilirudi nyumbani nikamkuta mtoto amelala mgongoni kwa mama mkwe. Neno lake la kwanza alimwambia bibi yake.

Nilijua unaniadhibu. Nilijua ni kwa sababu ya ule mwaka wa kubishana, kwamba umekumbuka jinsi nilivyokujibu na sasa unaona aibu kwamba mke wa mwanao alishawahi kukuchekesha mbele za watu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikaamini. Kila tulipokuja Gesima nilikupikia matoke, nikayatuma kwa watoto mpaka ulipokaa, na kila sahani iliondoka jikoni na kinyongo changu. Ulikuwa ukizirudisha tupu. Hata hilo liliniudhi.

Ukastaafu bila kunipungia mkono. Mkuu wa chuo akanipa kiti chako, na mimi nikadhani wamekosa mwingine wa kumpa.

Sasa fikiria hali yangu Jumatatu wiki hii. Nimekwenda ofisini kwa mkuu wa chuo na wasifu wangu umeandikwa nusu, nimemwambia, nimeweka jina la Mzee, yeye ndiye mwanzilishi wa masomo ya jioni. Akaniangalia kana kwamba nimekosea jina langu mwenyewe.

"Mzee wapi? Si ni wewe?"

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Yeye mwenyewe. Alikuja hapa kabla astaafu, akasimama hapo tu mlangoni, akakataa kukaa. Akasema, 'Mwalimu wa maikro alijitolea jioni, na mtoto mchanga kwa nyumba. Mtu kama huyo akiwa hapa, nyinyi mnatafuta nani mwingine?' Ndiyo nikakupatia hiyo kiti, madam. Hukujua?"

Sikujua. Nilitoka pale nikavuka uwanja hata viatu sivihisi, moja kwa moja kwa Rashid. Nilimkuta anasahihisha, mvi zimemjaa siku hizi, na nikamwambia aweke kalamu chini. Nikamuuliza siku ile ulimtuma aniambie nini hasa. Neno kwa neno.

Aliiweka. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani mlishayamaliza nyumbani."

"Nyumbani tuyamalize na nani? Sema."

Akasema. Ulimwambia hivi: wenye maduka na wakulima wanataka kusoma na mchana hawapati nafasi. Muulize mke wa Ombati kama ataweza kuwafundisha jioni. Kama hawezi, kwa ajili ya mtoto, tuache, na asijisikie vibaya.

"Na mimi nilikujibu nini?"

"Wewe nilikuuliza kama unaweza kuchukua wanafunzi zaidi. Sikufika kwenye habari ya mtoto, ulikuwa umeshapandisha hasira. Ulisema, mimi ni punda? Mchana wote nafundisha. Mwambie basi afungue chuo usiku, nije nifundishe popo."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Rashid akashusha macho. "Nilimwambia, amesema jioni anaweza."

Tata, nilimtukana. Mtu mzima, mwenye wajukuu, nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, wanafunzi wakapunguza mwendo dirishani. Alingoja nikamaliza, kisha akanijibu, na alikuwa na haki ya kujibu.

"Nyinyi wawili mlinipa maneno yenye moto, mwalimu, kila siku, miaka. Ningeyafikisha vile vile, idara hii ingekufa mwaka wa kwanza. Hasira zenu niliziacha kwenye korido. Wallahi, siku nyingine niliziacha pamoja na maneno yenyewe. Ningefanyaje? Mlikuwa mnasikilizana kupitia kwangu, na mimi nina madarasa yangu."

Nimelala na hayo siku mbili. Nimemkasirikia Rashid, nikamwonea huruma, nikamkasirikia tena. Nimekukasirikia wewe zaidi. Wewe uliyekuwa ukiwaambia wanafunzi kwamba soko linaharibika pale mnunuzi na muuzaji wanapokosa habari sahihi, ulikaa kwenye stoo yako miaka yote hiyo bila kutafuta njia nyingine ya kunifikia. Mama mkwe alikuwapo. Mwanao alikuwapo. Ungemwuliza Ombati wakati wa chakula tu, mkeo anaonaje ile kazi ya jioni? Lakini na yeye Ombati akija nyumbani nikianza kulalamika juu yako aliondoka kwenda kuangalia ng'ombe, kwa sababu mtoto hamsemi babaye. Nyumba nzima ya watu wenye heshima, na hakuna aliyekuwa akijua lolote.

Na sasa wanataka jina moja. Nikiandika lako, nasema uongo, maana wewe uliomba tu, ukaacha mlango wazi nikatae. Nikiandika langu, nasema uongo mkubwa zaidi, maana nilikataa. Rashid ananiambia kwa utani niandike lake. Jana jioni nilikuwa bado nakuna kichwa nilipoingia darasani, na Nyaboke, yule mama anayeuza mitumba Nyakoe na kukaa dawati la nyuma ili atoroke mapema kufunga kibanda, akanisubiri mlangoni. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Madam, tumesikia wanafunga hii ya jioni. Ni ukweli?"

Nikamwambia bodi bado haijakaa.

"Wakifunga mimi nitaenda wapi? Mchana niko soko. Nimebakisha mwaka moja tu." Kisha akasema, bila hasira, kama anayenipa habari, "Ni wewe ulituanzishia. Waambie."

Kwa hiyo nitawaambia, Tata. Nimeufuta ule wasifu wote, dira na dhamira na kitovu cha ubora, nimeandika upya. Nimeandika kwamba mkuu wa idara aliona watu wanaotaka kusoma na hawana saa ya kusomea, akaomba. Kwamba mwenzetu mmoja alibeba ombi lile. Kwamba mwalimu mmoja alifundisha, miaka yote, na hakukosa. Nimewataja wote, ni majina matatu. Mkuu wa chuo atakunja uso, na nitamwacha aukunje. Wakiniuliza Alhamisi kama kuna mtu wa kuendelea na kazi hiyo, nitasimama niseme nipo, na safari hii hakuna atakayenisemea.

Ila kuna jambo haliwahusu wao, linakuhusu wewe, na naweza kukuambia sasa tu kwa kuwa umelala na mimi sivunji heshima yoyote. Miaka yote nilifundisha darasa lile kama amri yako. Nililibeba kama mzigo uliotupwa kichwani kwangu. Kumbe ulikuwa umeniomba. Ulinifikiria, ukamfikiria na Moraa, ukaniachia nafasi ya kusema la. Ungesimama tu mlangoni, uso umeuelekeza dirishani kama inavyopasa, ukaniuliza kwa sauti yako mwenyewe. Ningekubisha kidogo kwanza, unanijua. Kisha ningekubali, Tata. Ningekubali kwa furaha, na mtoto mgongoni.

Pumzika. Bado nimekasirika, lakini pumzika.

Mimi, mke wa mwanao,
Kwamboka