Sekunde sita

Mwenzangu, leo nimeumbuka ukumbi mzima ukinitazama.

Si unaujua utafiti wangu, ule wa madaktari wa zahanati wanaomkatiza mgonjwa kabla hajamaliza kueleza shida yake? Nimeuwasilisha vizuri, nikapigiwa makofi mpaka basi.

Ikafika zamu ya maswali. Muuguzi mmoja mtu mzima akasimama. "Mwanangu, kule kwetu wagonjwa..." Nikamdakia hapohapo: "Swali zuri sana, mama, jibu lake ni hili."

Profesa wangu akatazama saa. "Sekunde sita," akasema.

Sita, mwenzangu. Madaktari niliotoka kuwasema walifikisha kumi na moja.

Watu wakaangua kicheko. Mama wa watu akangoja kitulie, kisha akasema, "Nilitaka tu kukuomba uje na kwetu."

Naona unaandika. Hebu subiri nimalize.