Nzito Huchelewa

Kwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila birika la ofisini limeungua, tunashindia maji ya bomba.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Hapa maabara tunarusha chembe ndogo kuliko atomu, zote kwa msukumo mmoja, zikimbie mita kumi na mbili. Mizani ya kuzipima hakuna. Tunatazama saa tu: nyepesi hutangulia, nzito huchelewa, na kuchelewa kwake ndiko kunakotuambia uzito wake. Mwanafunzi akilalamika kuwa chembe imechelewa, fundi mkuu humwambia, "Usiilaumu, ipime."

Unasema shangazi ananisema kwa kufika baba ameshazikwa. Ni kweli. Simu ya msiba tulipigiwa mimi na wewe asubuhi ileile. Ila wewe uliagana naye vizuri. Mimi neno langu la mwisho kwake, miaka sita iliyopita, lilikuwa, "Wewe si baba yangu." Siku ile ya msiba nilikaa stendi, begi mapajani, mabasi matatu yakaondoka huku nayatazama.

Shangazi akisema tena kuwa sikumjali, mwambie anipime.

Mimi mdogo wako,
niliyefika mwisho.