Wote Wameipa Besek Alama Nne

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Nimepewa mimi. Pak Hardono kaniita ofisini kwake, kanikaribisha chai, na chai ya bosi wangu haijawahi kuwa chai tu. Niijaribu Besek kwa wiki tatu na timu zote mbili, watu kumi na mmoja, kisha niandike ripoti na kuitia sahihi. Sahihi yangu, si yake. Nikiikubali, tarehe mosi Oktoba seva ya zamani inazimwa, na zahanati kumi na nne, kuanzia Sleman hadi Bantul, zinahamia huku — foleni, kadi za wagonjwa, dawa. Mama huchukua dawa yake ya sukari katika mojawapo.

Besek yenyewe ni ya makontena. Programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, ili ifanye kazi vilevile kwenye kompyuta yoyote. Kama kile kikapu cha kenduri ilichopewa jina lake: wali, mboga na pilipili vimo ndani, hakuna anayehangaika kutafuta sahani. Muuzaji, Pak Lukito, amekuja na maboksi sita ya bakpia za moto. Sita! Bidhaa nzuri haihitaji vitamu vingi hivyo. Nimekula tatu, lakini kwa mashaka.

Jumatano, 6 Septemba

Nimeisimika kwenye seva ya majaribio, peke yangu, siku moja na nusu. Imekubali mara ya kwanza. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kitu gani katika kazi hii kinakubali mara ya kwanza? Nimesoma mkataba hadi zile herufi za chini zinazoandikwa ili zisisomwe. Sijaona mtego. Siuziwi mbuzi kwenye gunia mimi.

Timu zimeanza kuitumia leo asubuhi. Wamenipongeza wote. Nilifurahi, nisijidanganye.

Jumanne, 12 Septemba

Fomu za wiki ya kwanza zimerudi. Kumi na moja, na zote ni alama nne kati ya tano. Kila swali! Kasi, nne. Urahisi, nne. Hata Mas Tirto, kiongozi wa timu ya pili, aliyekikosoa hata chakula cha harusi yake mwenyewe — nne.

Machale yamenicheza. Hawa watu hawakubaliani hata kuhusu supu ya kuagiza mchana. Ama Pak Lukito amewapitia kimyakimya, ama Pak Hardono amewaambia cha kuandika. Nimekwenda jikoni kutazama maboksi ya bakpia. Yamebaki mawili. Nani kala yote hayo, na kwa kuahidi nini?

Alhamisi, 14 Septemba

Nimemchokonoa Mas Tirto pale kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Nikamuuliza kama kuna aliyemwelekeza aandike nne. Akacheka. Akasema ningekuwa polisi, mji mzima wa Yogya ungelala rumande na mwizi angekuwa kwake anakunywa kahawa. Nikambana kuhusu Besek.

"Nzuri tu, Mbak Wening. Nzuri tu."

Hiyo "tu" sijaipenda. Kwetu hapa mtu akisema kitu ni kizuri tu, ameshakikataa zamani.

Jumatatu, 18 Septemba

Labda nina wazimu. Lakini leo Yuniar wa timu ya kwanza amebadilisha skrini haraka nilipopita nyuma yake. Ukurasa wa Besek ukatokea, kijani kitupu, kila kontena linafanya kazi. Akanitabasamia. Yuniar, niliyemfundisha kazi mwenyewe!

Jumanne, 19 Septemba

Nimefungua kumbukumbu za mfumo. Makontena yanawashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi na moja jioni, kila siku, kwa adabu kabisa. Ndani hakuna aliyeingia. Tangu tarehe 8! Wanafanya kazi kwenye kompyuta zao kama zamani, na Besek inawaka kama taa ya baraza ya nyumba isiyo na mtu.

Basi ni njama. Ya nani, sijui. Nimekasirika kiasi cha kushindwa kula.

Jumatano, 20 Septemba

Nimemchukua Yuniar tukale gudeg, nikamwekea kumbukumbu zile karibu na sahani. Akalichokoa yai lake, kisha akasema.

"Usikasirike, Mbak. Kila tukizima jioni, asubuhi data haipo. Wagonjwa wote wa majaribio, hewa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Na mkanyamaza?"

"Uliisimika wewe, peke yako, ukafurahi vile. Nani angekuja kukuaibisha mbele za watu? Mas Tirto akasema tuandike nne. Tano ungeshtuka."

Nikamwambia nimeshtuka kwa nne. Akasema ndiyo, hilo hawakulipima vizuri.

Nimerudi nikatazama. Ni kweli. Sikuelekeza data ihifadhiwe nje ya kontena. Mistari mitatu tu! Kontena likiondolewa, linaondoka na kila kilichomo. Wiki nzima nimewinda mwizi, kumbe watu walikuwa wananisitiri. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka, kisha hasira ikaja juu yake. Funika kombe mwanaharamu apite, sawa, lakini hapa wanaopita ni wagonjwa. Tungefika tarehe mosi hivihivi, na kadi ya Mama ingepotea siku ya kwanza.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimerekebisha. Data sasa inabaki. Lakini jaribio halikufanyika, huo ndio ukweli. Hakuna anayejua Besek itafanya nini watu wakiitumia kweli.

Ripoti ina kurasa nne. Ukurasa wa tatu unasema kosa ni langu, fomu si za kuaminika, seva ya zamani isizimwe, tupewe wiki nne nyingine. Nimetia sahihi. Pak Hardono ameipokea, ameipima uzito kwa kiganja, ameuliza kama mwisho wake ni mzuri. Nikasema nimeandika kila kitu.

Nashuku hataisoma. Naomba aisome, ili nisilazimike kuisema kwa mdomo.

Jumatatu, 25 Septemba

Naandika mkutanoni, kana kwamba nachukua muhtasari. Wageni watatu kutoka idara ya afya wamekaa mbele. Sikujua kama wamealikwa. Ripoti yangu iko chini ya kikombe cha Pak Hardono. Hajaifungua. Amewaambia majaribio yamefana, alama nne kati ya tano. Mas Tirto anatazama dari.

Nimejipanga: akimaliza nasimama, nasema. Nimeshavuta pumzi mara mbili. Ameniita mtaalamu wetu, na wageni wamepiga makofi.

Sasa ameuliza, huku akitabasamu, nani hapa anaitumia Besek kila siku. Anyooshe mkono wageni waone.

Yuniar amenyoosha. Mas Tirto naye. Wote kumi na mmoja! Wananisitiri tena, mbele ya macho yangu, kwa mapenzi yao yote. Pak Hardono anahesabu kwa sauti. Amefika kumi na moja. Amenigeukia mimi.

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia uko juu.